Pumzi ya Mkwe

Mwaka ule biashara ya pamba ilipoachiwa huru, kila kitu kijijini Sapiwi kiliachiwa huru isipokuwa wakwe. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao, kila mizani na kilo yake. Redio na sabuni za kunukia ziliingia mpaka kwenye nyumba za nyasi. Mkulima aliruhusiwa kumuuzia pamba mtu amtakaye, kwa bei atakayopangiwa na huyo amtakaye. Lakini mkwe alibaki mkwe. Mwanamume na mama wa mkewe hawakutazamana usoni, hawakula pamoja, hawakuketi chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja aliingia vichakani hadi mwenzake apite. Serikali haikuwa na sera juu ya jambo hilo, na wafadhili hawakuuliza.

Nyumbani kwa Luhende desturi hii ilikuwa kazi ya kutwa, kwa sababu mkwe wake aliishi nyuma ya ua. Masalu, mume wa binti yake Ng'washi, alikuwa fundi katika kiwanda cha kuchambua pamba mjini Bariadi, mpaka kiwanda kilipokosa pamba ya kuchambua na wafanyakazi wakapigwa ridandansi kwa hotuba nzuri sana. Walishukuriwa kwa kulijenga taifa. Masalu alizipokea shukrani hizo, akafunga godoro kwenye baiskeli, akaja na mke na mtoto kuomba kipande cha shamba kwa baba mkwe. Mwanamume wa Kisukuma anayehamia ukweni hana haja ya kutukanwa, maana kazi hiyo anakuwa ameshaifanya mwenyewe.

Hata hivyo Luhende alimsaidia kidogo. "Huyu nkwilima wangu ni mtaalamu," aliwaambia wenzake kwenye pombe. "Alizitunza mashine za kiwanda mpaka zikafa zote. Sasa amekuja kutunza ng'ombe wangu." Nkwilima ni mkwe wa kiume kwa Kisukuma, na Luhende alivyolitamka neno hilo, mgeni angedhani ni jina la ugonjwa wa mifugo.

Mkewe Luhende, Wilhelmina, hakusema lolote juu ya mkwe, kwa kuwa hata jina lake hakutakiwa kulitamka. Kati yao kulikuwa na ua wa minyaa na kikohozi. Masalu alipotaka kupita karibu na uwanja wa nyumba, alikohoa. Wilhelmina aliposikia kikohozi, aliingia ndani, au kama mikono ilikuwa na unga aligeukia ukuta. Jioni alipakua ugali na kumwambia binti yake, "Mpelekee huyo wa nyuma." Huyo wa nyuma alikula, akawasha sigara, akamwambia Ng'washi, "Mwambie huyo wa mbele, wabeja." Wala Ng'washi hakuwa na haja ya kuzifikisha shukrani hizo, kwani ua wa minyaa haukuzuia sauti, ila kila mtu alijifanya unazuia.

Basi watu hawa wawili walikuwa wameishi hatua chache baina yao, misimu miwili ya pamba, bila kujibizana hata neno. Walipatana kuliko wote pale nyumbani.

Mwishoni mwa Oktoba joto lilikaza mpaka kuku wakatembea midomo wazi. Redio ya Luhende, mpya kabisa, ilitangaza vipindi vya mvua na ngurumo katika maeneo machache ya Kanda ya Ziwa.

"Maeneo machache," Luhende alisema, akiwa kitini mlangoni. "Sisi tumekuwa lini miongoni mwa wachache?"

Hakuwa na wasiwasi. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza kuezekwa bati katika kitongoji, nayo ilikuwa imelindwa kila upande. Mzee Jilala, mganga wa radi, alifukia pembe yenye dawa kizingitini na kuondoka na kondoo mweusi. Kesho yake katekista Januarius alinyunyiza maji ya baraka juu ya kizingiti hicho hicho na kuondoka na jogoo. Dawa na baraka zikawa zinalindana. Kitu ambacho hakuna aliyekifikiria ni waya. Luhende alikuwa ameupata bure, akaupigilia msumari kwenye bati na kuuvuta hadi kwenye mti wa mwarobaini uani, ili mkewe aanikie nguo.

Alasiri wingu lilisimama upande wa ziwa, jeusi chini na jeupe juu, likaumuka kama uji uliosahauliwa jikoni. Upepo wa baridi ulishuka ghafla juu ya ardhi ya moto. Vumbi likapanda, kisha matone makubwa yakaanza.

"Koti!" Luhende alipiga kelele kutoka kitini. "Koti langu linalowa!"

Lilikuwa koti zito la mtumba, kafa ulaya halisi, lililonunuliwa Bariadi kwa fedha za pamba, na Luhende alilivaa hata kwenye jua ili lisiwe limenunuliwa bure. Yeye alikuwa karibu zaidi na waya kuliko mkewe, lakini alikuwa amekaa. Wilhelmina akatoka jikoni mbio.

Wakati huo Masalu alikuwa anarudi kutoka shambani. Alifika kwenye ua, akakohoa. Ngurumo ikameza kikohozi. Alipochungulia akamwona mama mkwe ameinua mikono kwenye waya, naye, kama adabu inavyotaka, akageuka mara moja na kusimama kwenye mvua akiupa ua mgongo. Hivyo radi ilipopiga, shahidi aliyekuwa karibu kuliko wote alikuwa akitazama upande mwingine kwa heshima.

Mwanga na mlio vilikuja pamoja, hakuna kilichomsubiri mwenzake. Mwarobaini ulichanika. Wilhelmina alirushwa chini chali, mkono bado umeshika koti.

Ng'washi alitoka ndani akipiga yowe, na baba yake akamdaka mdomo kwa kiganja. "Usilie! Nkuba akimpiga mtu, haliliwi! Wala haguswi mpaka aje mwenye dawa. Mkimgusa anarudia!" Nkuba ni radi yenyewe, na Luhende alimtaja kwa sauti ya chini kama anavyotajwa mkubwa aliyeko chumba cha pili. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi: alikimbia. Alikimbia kwenye mvua bila viatu kumfuata Jilala, akilia njia nzima yeye aliyekataza kilio. Tusimwonee. Alimpenda mkewe, ila hakuwa amewahi kupata sababu ya kumwonyesha.

Majirani walifika. Wakasimama kando ya ua, mikono vifuani, wakiiheshimu miiko.

"Ng'washi!" Masalu aliita, mgongo bado umegeuka. "Mama anapumua?"

"Hapumui!"

"Mpulizie pumzi mdomoni!"

"Baba amesema asiguswe!"

"Mguse! Mbane pua, inua kidevu, mpulizie kwa nguvu!"

"Nibane pua yangu au yake?"

"Yake! Yake!"

Masalu alikuwa amejifunza jambo hilo kiwandani, kwenye semina ya ajali za umeme. Alijiandikisha kwa sababu kulikuwa na pilau na soda. Asubuhi walionyeshwa jinsi ya kupuliza, kwa kumtumia mwanasesere wa mpira asiye na miguu wala mkwe. Mchana walionyeshwa mambo ya kifua, lakini pilau lilikuwa jingi na Masalu alisinzia. Kwa hiyo utaalamu wake ulikuwa wa nusu siku.

Ng'washi alipiga magoti matopeni. Alipuliza kama mtu anayechochea moto, mashavu yamejaa, na pumzi yote ikatokea pembeni. "Haingii! Masalu, haingii!"

"Funika mdomo wote!"

"Siwezi! Wa baridi! Masalu, mama wa baridi!"

Masalu alipindisha shingo kidogo. Mama mmoja jirani akamkemea, "We baba, unageuka! Tunakuona. Mkweo kalala vibaya, usitazame!"

Hapo ndipo Masalu alipopita. Hakupita mlangoni, maana mlango wa ua ulikuwa mbali. Alipita katikati ya minyaa, ikavunjika na kummwagia utomvu machoni. Alipofika kwa mama mkwe alikuwa haoni kitu hata kama angetaka. Pumzi ya kwanza ilitua kidevuni. Ng'washi akamshika kichwa, akakielekeza. Majirani wakasema "Ee!" kwa pamoja, wanawake wakafunika nyuso kwa kanga na kuchungulia pembeni mwake. Masalu akapuliza, akainuka kuvuta hewa, akapuliza. Sehemu ya kifua hakuijua, hakuigusa, na pengine hilo ndilo jambo moja tu ambalo baadaye halikuingizwa kwenye mashitaka.

Wilhelmina alikohoa. Kwa mara ya kwanza kati yao wawili aliyekohoa alikuwa yeye, na mkwe, aliposikia kikohozi, akafanya kile alichozoea kuona kikifanyika: alitimua mbio, akapita tena kwenye minyaa, akajificha.

Mzee Jilala alipofika na mfuko wake wa ngozi, mgonjwa alikuwa ameketi, amefunikwa blanketi, anauliza koti liko wapi. Jilala hakutahayari. Alizunguka mwarobaini, akanusa gome, akasema dawa yake ilikuwa imetangulia kufika, kwa kuwa dawa nzuri haimsubiri mwenyewe. Akaomba kondoo mwingine. Jioni Januarius alikuja na rozari na kueleza kuwa ni maji ya baraka yaliyofanya kazi. Radi iliwezaje kupita kwenye maji hayo kwanza, hakueleza, na Luhende kwa unyenyekevu hakuuliza.

Kesho yake walimpeleka Wilhelmina zahanati kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Mkono ulikuwa na mbabuko, na sikio la kushoto halikusikia tena. Tabibu, kijana aliyehamishiwa huko bila kuombwa ushauri, alieleza vizuri sana.

"Hewa ya chini ina joto, mzee, inapanda. Ya juu ina baridi, inashuka. Zikikutana zinasuguana humo mawinguni, umeme unazaliwa. Unatafuta njia ya kushuka ardhini. Ukapata waya wako."

"Nimekuelewa," Luhende alisema. "Sasa nani alizituma?"

"Hakuna aliyezituma. Ni hali ya hewa."

"Mashamba ya watu yote yana hewa. Kwa nini ije kwangu?"

"Waya, mzee."

"Basi hujui," Luhende alisema kwa huruma, akalipia dawa ya kupaka.

Kama mambo yangeishia hapo, Luhende angekuwa mtu mwenye bahati, mke mzima na kisa cha kusimulia. Lakini kisa kilikuwa kimeshasimuliwa na wengine. Alipofika kwenye pombe Jumamosi, wazee walimsogezea kiti kwa heshima kubwa mno.

"Karibu, Luhende. Mwadila. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na mume mwenzako hajambo?"

Walicheka mpaka kibuyu kikamwagika. Mwingine akauliza kama bei ya mahari hupungua mtu akichukua mama na binti, siku hizi za soko huria. Luhende alicheka nao, kwa sababu asiyecheka huchekwa zaidi, kisha akarudi nyumbani na kukaa mlangoni mpaka giza likaingia. Ile aibu aliyokuwa anamgawia mkwe kidogo kidogo kila jioni ilikuwa imerudi kwake kwa mkupuo.

Jumatatu alikwenda kushitaki kwa sungusungu, jeshi la ulinzi la kijiji. Aliyajua mahesabu. Ndoa ikivunjika kwa kosa la mume, ng'ombe wa mahari hawarudi. Binti anarudi nyumbani, na kosa lina faini yake juu. Aibu ingekuwa na mwenyewe, na mwenyewe angeondoka Sapiwi akiwa ameibeba.

"Baba anataka unifukuze au unikimbie," Ng'washi alimwambia mumewe usiku, "vyovyote, mradi kosa liwe lako."

Masalu alikuwa ameketi kitandani na kitambaa kilicholoweshwa maji machoni. Utomvu wa minyaa ulikuwa umemvimbisha kope, na macho yalikuwa mekundu kama ya mpishi wa harusi. "Niliona kuwa nafanya vizuri," alisema.

"Ulifanya vizuri."

"Mbona hakuna anayesema?"

"Mimi nasema." Kisha akauliza neno lililokuwa linamuunguza. "Wakinirudisha kwa baba, mtoto atakuwaje?"

Wote wawili walijua. Ng'ombe wa mahari walikwisha kutolewa. Mtoto ni wa baba yake. Masalu angeondoka na godoro, baiskeli na mtoto, na Ng'washi angebaki upande wa mbele wa ua akipakua ugali ambao hauna wa kupelekewa. Mtoto alikuwa amelala katikati yao, hajui kuwa ni mali.

Asubuhi Ng'washi alimweleza mama yake, akiongea kwenye sikio la kulia. Wilhelmina alisikiliza huku akichambua mchicha kwa mkono mzima. Aliuliza swali moja tu.

"Huko kwenye mkutano, wataniruhusu kusema?"

"Mama, yeye atakuwepo. Hamwezi kukaa uwanja mmoja."

"Nimekuuliza kama wataniruhusu kusema."

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala la chama cha msingi cha ushirika, ghala ambalo zamani lilijaa pamba na sasa lilijaa popo, kwani wanunuzi binafsi walinunulia barabarani. Tatizo la wakwe kukaa uwanja mmoja lilitatuliwa kwa hekima. Mshitakiwa aliketi nje kwenye gunia, na mama mkwe akaingizwa ndani ya ghala, mlango ukarudishwa, ili atoe ushahidi kupitia ubao. Popo walilalamika kidogo wakanyamaza.

Masele, mtemi wa sungusungu, aliendesha shauri. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilikuwa na mlo: faini ya ng'ombe huliwa siku ile ile, na vijana wenye pinde walikuwa wameshakusanya kuni.

Luhende alieleza shitaka lake, amevaa koti ambalo mgongo wake sasa ulikuwa na tundu la kuungua. "Mkwe huyu alimlalia mama mkwe wake mchana kweupe, akaweka mdomo juu ya mdomo, watu wanaona. Akarudia. Akarudia tena."

"Masalu, ulifanya hivyo?" Masele aliuliza.

"Nilimpa pumzi, mtemi. Alikuwa amekufa."

Hapo mzee Jilala alisimama taratibu, maana alikuwa anasubiri neno hilo. Tangu siku ile watu walikuwa wanauliza kwa nini mgonjwa aliamka kabla mganga hajafika, na maswali ya namna hiyo si mazuri kwa biashara.

"Amesema alikuwa amekufa," Jilala alisema. "Mmesikia wenyewe. Sasa nawauliza, mtu anayemfufua maiti ni mtu gani? Na huyo aliyefufuliwa tunamwitaje? Mtazameni macho."

Watu walimtazama Masalu macho. Yalikuwa mekundu kweli kweli. Kila mtu Sapiwi anajua macho mekundu ni ya nani, na pia kila mtu anajua utomvu wa minyaa unafanya nini, lakini ujuzi wa pili haukuitwa mkutanoni. Neno msukule lilipita kwenye kundi la wanawake, kwa mnong'ono, likaelekea kwenye mlango wa ghala. Mama mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta wa ghala akajiondoa polepole.

Luhende aliona mambo yanakwenda asikotaka. Alitaka mkwe aondoke na ng'ombe wabaki, hakutaka kuishi na msukule. "Hapana, hapana! Mke wangu hakuwa amekufa," alisema haraka. "Mke wangu alikuwa hai. Mimi nilimwacha hai."

"Kama alikuwa hai," Masele alisema, akifurahi kuona shauri linanyooka, "basi mshitakiwa alimbusu mama mkwe aliye hai. Kama alikuwa amekufa, mshitakiwa ni mchawi. Masalu, unachagua lipi?"

Masalu alijifuta uso kwa kiganja. Macho yalikuwa yanamtoka machozi, kwa utomvu au kwa jambo jingine. Ng'washi alimkumbatia mtoto mpaka mtoto akalalamika.

"Ulizeni mwenyewe!" sauti ilitoka ghalani. Ilikuwa kubwa kupita kiasi, kama ya watu wasiosikia vizuri. "Aliyepigwa ni mimi. Kwa nini hamniulizi?"

Masele alisogea mlangoni, akauamkia ubao kwa Kisukuma kama anavyoamkiwa mama. "Mayu, mwangaluka. Siku ile ulikuwa hai au umekufa?"

"Sema juu, sikio bovu!"

"Ulikuwa hai au umekufa?"

"Hai! Nilikuwa hai na akili zangu. Nilimwona anakuja. Nilimjua ni nani. Mdomo niliufungua mwenyewe."

Mkutano mzima ulishusha pumzi, kisha ukaivuta tena na kukaa nayo.

Ulikuwa uongo mtupu. Wilhelmina hakuona kitu wala kumjua mtu. Tangu aliponyoosha mkono kwenye waya hadi mvua ilipomgonga usoni hakuwa na kumbukumbu hata ya ukubwa wa punje ya mtama. Lakini alikuwa amekaa gizani na popo, amewasikia wanaume wakimgawa, hai upande huu, maiti upande ule, na kila upande mjukuu wake anaondoka kwenye baiskeli. Alijua anachokisema kitamgharimu nini. Ngoma za baada ya mavuno zilikuwa na watunzi hodari, na hakuna mtunzi angeacha wimbo huo upite. Alijua hata jina watakalompa. Hata hivyo alisema.

"Mayu," Masele alisema taratibu, "unasema uliufungua mwenyewe?"

"Mara ngapi niseme? Nilitaka kuishi, nikafungua. Kama ni kosa, kosa ni la aliyefungua. Yeye alipuliza tu palipokuwa wazi."

Wanawake walifunika nyuso. Safari hii baadhi yao walikuwa wanacheka, na mmoja au wawili walikuwa wanafuta machozi, na kwa kanga mambo hayo hayatofautiani.

Masele aligeuka kumtazama Luhende, na vijana wenye pinde wakageuka pia. Sheria ilikuwa wazi na haikuhitaji majadiliano: kosa la mke hulipwa kutoka zizi la mume.

"Lakini alikuwa amezimia!" Luhende alipiga kelele. "Hajui anachosema! Mke wangu alikuwa hana fahamu kabisa, alikuwa kama gogo!"

"Ee?" Masele alisema. "Mlalamikaji, mtu aliyezimia kama gogo anapewa pumzi na mtu mwenye macho yaliyojaa utomvu, haoni hata anapopuliza. Sasa shitaka lako ni lipi?"

Luhende alitazama huku na huku, akamwona Jilala, na Jilala akawa anatafuta kitu muhimu ndani ya mfuko wake wa ngozi. Kufuta shauri wakati kuni zimeshakusanywa si jambo dogo. Masele alimkumbusha kwa upole kwamba anayeita jeshi bure naye ana faini yake, na faini hiyo, kwa bahati, ni ng'ombe yule yule. Ng'ombe wa faini hana ukoo. Vijana wawili walikuwa wameshashika njia ya kwenda zizini, wakitembea kwa mwendo wa watu wenye njaa na haki.

"Mchukueni yule mwenye pembe moja," Luhende alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Tutachukua aliyenona," Masele alisema.

Masalu alibaki ameketi juu ya gunia, hajui kama auruhusu moyo wake kufurahi. Ng'washi alimletea mtoto, akamweka magotini mwake. Watu wakaanza kuinuka, wengine wakielekea kwenye moto.

Hapo mlango wa ghala ukafunguliwa. Mtu alipaswa kukohoa, mtu alipaswa kumwondoa mkwe kwanza, lakini hakuna aliyewahi. Wilhelmina alitoka kwenye mwanga, mkono umefungwa kitambaa, vumbi la pamba ya miaka ya nyuma kichwani. Hakufunika uso. Alipita mbele ya Luhende, akapita mbele ya Masele, akaenda moja kwa moja hadi kwenye gunia na kusimama. Masalu akainamisha kichwa haraka mpaka kidevu kikagusa nywele za mtoto.

"Wewe baba," Wilhelmina alimwambia, kwa sauti ile kubwa ya mtu mwenye sikio moja, uwanja mzima ukisikia, "hizo sigara unazovuta ni kali mno. Siku tatu mdomo wangu ulikuwa mchungu. Punguza."

"Ndiyo, mayu," Masalu alijibu, akitazama chini.